Jinsi ya kuanzisha kazi ya kutunza mazingira kanisani kwenu isiishie kwenye picha za kupanda miche

Makanisa mengi yakisikia neno mazingira kitu cha kwanza ni kupanda miti, watu wanavaa tisheti zinazofanana, kiongozi anapanda mche wa kwanza, picha zinapigwa zinarushwa kwenye grupu la WhatsApp alafu mvua zikikata hakuna anayerudi kumwagilia. Sipingi kupanda miti, huko mbele nitaielezea kwa kirefu kabisa, ila naomba muanzie sehemu nyingine. Anzieni kwa jirani. Kabla ya kuuliza tupande nini ulizeni nani anaumia hapa tulipo kwa sababu ya jinsi sisi tunavyotumia maji, ardhi na hewa, maana tumeamriwa kumpenda jirani na huyo jirani anakunywa maji ya mahali fulani, anavuta hewa ya mahali fulani, watoto wake wanacheza kwenye mtaro fulani, sasa huwezi kumpenda huku unamchafulia.

Hapo ndo imani inakutana na kile kinachoitwa manufaa ya wote. Mtaguso wa Pili wa Vatikano (mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki) mwaka 1965 uliieleza kama jumla ya zile hali za maisha ya jamii zinazowawezesha watu na makundi kufikia ukamilifu wao kwa urahisi zaidi, na ukiiweka kwa lugha ya kawaida ni vile vitu ambavyo hakuna mtu anaweza kuvifaidi peke yake akiwa amejifungia ndani, hewa safi, mto ulio hai, usalama, udongo wenye rutuba. Hewa haiwezi kuwa safi kwa muumini na chafu kwa asiyeamini. Kwa hiyo kazi hii haiishii ndani ya uzio wa kanisa hata kama itaanzia humo.

Sasa tuingie kwenye kazi yenyewe.

Kwanza zungukeni eneo lenu kwa miguu

Msianze na semina. Chukueni watu watano sita, awepo mlinzi au mhudumu wa usafi wa kanisa (huyu ndo anajua kila kitu na huwa haulizwi), awepo mama mmoja anayepika kwenye sherehe, awepo kijana mwenye simu ya kupiga picha, awepo mzee aliyekuwepo eneo likinunuliwa, na kama inawezekana awepo jirani mmoja asiye muumini wenu. Zungukeni eneo lote, na kama kuna mwezi wa mvua basi zungukeni tena siku ambayo mvua imetoka kunyesha.

Mnachotafuta ni kitu kinachotoka kwenu kwenda kwa mwingine. Fuateni maji ya paa mpaka yanapoishia, maana mara nyingi kanisa lina paa kubwa kuliko jengo lolote pale jirani na maji yake yote yanamwagwa sehemu moja, yanachimba mtaro, yanaingia kwenye uwanja wa nyumba ya chini. Fuateni mteremko kutoka chooni mpaka kwenye kisima kilicho karibu, chenu au cha jirani, kanuni inayotumika sana ni choo kuwa angalau mita 30 kutoka kwenye kisima na kiwe upande wa chini wa mteremko, sasa kama chenu kiko juu na kisima cha mtu kiko chini basi mmeshapata kazi ya kuanza nayo na haina haja ya kikao kirefu. Angalieni taka zinatupwa wapi na zinachomwa lini, moshi unaelekea upande gani. Angalieni spika zimeelekezwa wapi, ndiyo nazo zimo, kelele ni uchafuzi kama uchafuzi mwingine na kuna mgonjwa nyumba ya tatu ambaye hajalala tangu mkesha uanze.

Ombeni yule jirani awaambie ukweli, alafu mnyamaze. Msijitetee. Andikeni tu.

Mkimaliza mtakuwa na orodha ndefu na itawakatisha tamaa. Chagueni jambo moja, lile linaloumiza watu wasio na sauti zaidi, sio lile linalopendeza kwenye picha.

Someni Maandiko pamoja na ile orodha

Hapa mi naona watu wengi wanakosea mpangilio, wanahubiri mwezi mzima ndo waende kutazama. Mkishazunguka ndo mfungue Biblia mkiwa na orodha mkononi, maneno yanasomeka tofauti kabisa. Mwanzo 2:15 mwanadamu anawekwa bustanini ailime na kuitunza, yote mawili, kwa hiyo anayesema mazingira ni kuacha kila kitu kama kilivyo hajasoma vizuri na anayesema tumepewa tutawale basi tutumie tunavyotaka hajasoma vizuri pia. Zaburi 24 inasema nchi na vyote viijazavyo ni mali ya Bwana, na Walawi 25:23 inakazia kwamba ardhi isiuzwe kwa kudumu kwa kuwa ni ya Mungu na sisi ni wageni tu. Soma hiyo mbele ya kamati inayotaka kuuza kipande cha ardhi ya kanisa chenye chemchemi uone mjadala unavyobadilika.

Walawi 19 inamkataza mkulima kuvuna mpaka pembeni mwa shamba ili maskini na mgeni wapate, Kutoka 23 inaipa ardhi mapumziko mwaka wa saba na kinachoota wale maskini na kitakachobaki wale wanyama wa porini. Ona hapo, ardhi, maskini na mnyama wako kwenye sheria moja. Kumbukumbu 20:19 inakataza kukata miti ya matunda hata mkiwa vitani mmeuzingira mji. Na Yohana 6:12, baada ya watu elfu tano kushiba, Yesu anaagiza vipande vilivyobaki vikusanywe kisipotee kitu, mi mstari huu huwa nautumia kwenye kamati za sherehe zaidi ya mwingine wowote.

Kuna swali litaulizwa tu, kwamba kwa nini tuhangaike wakati dunia itateketea kwa moto kama Petro alivyoandika. Lisijibiwe kwa dharau, ni la kweli. Jibu ni kwamba 2 Petro 3 yenyewe mstari unaofuata inauliza imewapasa ninyi kuwa watu wa tabia gani, haisemi basi mkae, na Warumi 8 inasema viumbe vyote vinaugua vikingoja kuwekwa huru, na Ufunuo 11:18 inataja hukumu kwa wale waiharibuo nchi. Mwili wa mama yako nao utakufa siku moja na bado unampeleka hospitali.

Watu, pesa na ruhusa

Jambo hili lisiwe la kamati ya vijana peke yake. Likiwa la vijana litakuwa shughuli ya Jumamosi moja na bajeti yake itakuwa ya mwisho kusomwa. Liwekeni kwenye baraza la parokia au baraza la wazee, vyovyote mnavyoita, mahali penye maamuzi ya pesa na ya ardhi, na mtu mmoja awe na jina lake limeandikwa kwenye muhtasari kwamba ndiye msimamizi. Mkisema "wote tutasimamia" hamna atakayesimamia.

Kwa mchungaji au padri ambaye hana hamasa, usimpelekee hotuba kuhusu tabianchi, mpelekee zile picha mlizopiga na jina la yule jirani ambaye kisima chake kiko chini ya choo chenu. Alafu kama ni Mkatoliki mkumbushe kwamba Papa Fransisko alitoa waraka mzima wa Laudato si' kuhusu kutunza dunia mwaka 2015, kama ni Mwanglikana mkumbushe kwamba kulinda uzima wa uumbaji ni alama ya tano kati ya alama tano za utume za ushirika wao, kama ni Mworthodoksi ndo usiseme kabisa maana Patriaki Dimitrios wa Konstantinopoli ndiye aliyeanza mwaka 1989 kuitenga tarehe 1 Septemba iwe siku ya kuombea uumbaji. Hakuna atakayekwambia hiki ni kitu cha wanaharakati kimeletwa kanisani.

Pesa sio lazima ziwe nyingi. Ila ziwe na mstari wake kwenye bajeti.

Maji ya paa

Nimeweka hili mbele kwa sababu linatatua mambo mawili kwa mpigo, linazuia mmomonyoko kwa jirani na linaleta maji. Hesabu ni rahisi, milimita moja ya mvua ikianguka kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Kwa hiyo pimeni upana na urefu wa jengo pale chini (sio mteremko wa bati), tuseme mita 10 kwa 20, hiyo ni mita za mraba 200, mvua ya milimita 20 siku moja ni lita 4,000, toeni moja ya tano kwa maji yanayoruka na kuvuja mnabaki na lita 3,200 kutoka mvua moja. Ndo mkienda kununua tangi mnaenda na namba, sio mnanunua lililopo dukani.

Maji ya kwanza ya mvua yanakuja na vumbi na kinyesi cha ndege, wekeni kipande cha bomba cha kuyapokea hayo ya mwanzo yamwagike pembeni ndo yanayofuata yaingie tangini. Tangi lifunikwe na wavu uwekwe kwenye mdomo mbu wasitage. Maji hayo ni ya kufua, kuosha, kumwagilia, kama ni ya kunywa yachemshwe au yatibiwe kwanza.

Na hapa ndo naomba sana, bomba moja liwe upande wa nje wa uzio. Jirani achote bila kuuliza anasali wapi. Mkiweka tangi kubwa ndani na geti limefungwa mmetunza maji yenu tu, manufaa ya wote hayajaguswa.

Mabomba yanayovuja msibishane ni kiasi gani kinapotea, wekeni ndoo chini ya bomba usiku mmoja asubuhi mpime. Tangazeni namba hiyo ibadani.

Taka na sherehe

Hili nalipita haraka kwa sababu kila mtu anajua tayari, tatizo ni utekelezaji. Nunueni vikombe na sahani za kuoshwa, zikae stoo ya kanisa na mtu wa kuzihesabu, harusi na mikutano yote watumie hizo, wasio waumini wakihitaji waazimishwe pia. Msichome plastiki kamwe, moshi wake una sumu na wanaouvuta kwanza ni watoto wa shule ya Jumapili na yule mhudumu anayechoma. Mabaki ya jikoni yaende kwenye mboji, tabaka nene la vitu vikavu kama majani makavu na nyasi kwa kila tabaka jembamba la mabaki mabichi, liwe na unyevu kama kitambaa kilichokamuliwa, ligeuzwe kila wiki moja au mbili, likinuka ujue ubichi umezidi ongezeni makavu. Nyama na mafuta visiingie maana vinaita panya na mbwa.

Sasa miti

Kabla ya kufikiria idadi fikirieni nani atamwagilia kiangazi cha kwanza. Kama jina halipo msipande mwaka huu, na nasema hivi nikiwa nataka sana miti ipandwe. Wangari Maathai wa Kenya alipoanzisha harakati ya kupanda miti ya Green Belt Movement mwaka 1977 kina mama waliokuwa wanaotesha miche walikuwa wanapewa malipo madogo kwa kila mche uliopona, sio kwa kila mche uliopandwa, na tofauti hiyo moja ndo inabadilisha kazi nzima. Alipewa Nobel ya Amani mwaka 2004. Nanyi hesabuni hivyohivyo, ripoti yenu iseme mingapi iko hai.

Mfano mwingine ni makanisa ya Kiorthodoksi ya kaskazini mwa Ethiopia, ukiangalia picha za angani unaona mashamba pande zote alafu katikati duara la kijani na kanisa ndani yake, ni misitu ya asili ambayo imebaki kwa sababu waumini wanaiona ni sehemu ya mahali patakatifu. Baadhi yake siku hizi imezungushiwa kuta za mawe ili mifugo isiingie, mawe yenyewe yakitoka kwenye mashamba ya jirani, kwa hiyo mkulima anapata shamba safi na msitu unapata uzio. Hapo hawakuanza kwa kupanda kitu, walianza kwa kulinda kilichopo. Nanyi kama mna kichaka cha zamani nyuma ya kanisa ambacho kila kamati inataka kukifyeka paonekane pasafi, kiacheni, kina thamani kuliko miche mia.

Mkipanda, tafuteni miti ya asili ya eneo lenu, muulizeni bwana misitu au wazee. Mikaratusi isikae karibu na chemchemi wala kisima kwa sababu inanyonya maji mengi, na mti mkubwa wowote usikae karibu na ukuta au shimo la maji taka. Mashimo yachimbwe mapema kabla ya mvua, kama sentimita 60 upana na 60 kina, udongo wa juu uwekwe upande wake na wa chini upande wake, siku ya kupanda ule wa juu uchanganywe na mboji au samadi iliyooza vizuri ndo urudi kwanza kuzunguka mizizi. Panda mvua zikianza kushika, sio zikikaribia kuisha.

Na tafadhali, kile kiriba cha nailoni kitolewe. Nimeona miche mingi sana imekufa mwaka wa kwanza au wa pili na ukiichimbua unakuta nailoni bado imebana mizizi, mtu alikuwa na haraka ya picha akaiweka shimoni na kiriba chake. Kichane kwa wembe upande mmoja, kivue taratibu udongo usimwagike, kama kuna mzizi umejizungusha pale chini ukate, weka mche ukiwa umesimama wima na ile sehemu shina linapotokea kwenye udongo iwe usawa wa ardhi, usizike shingo. Kandamiza kwa mikono sio kwa kurukia na viatu. Mwagia. Tandaza majani makavu kuzunguka, unene wa vidole vinne hivi, ila yasiguse shina litaoza. Viriba vyote vihesabiwe virudi, msiviache vikipeperuka kwenye eneo mlilokuja kulitunza.

Kiangazi mwagilieni kwa wingi mara chache kuliko kunyunyizia kidogo kila siku, maji yakishuka chini mizizi inayafuata, yakiishia juu mizizi inabaki juu na jua likiwaka kweli mche umekwenda. Njia nzuri ni kila familia au kila mtoto wa kipaimara kupewa mche wake kwa jina kwa miaka miwili, na mtoto akihama anamkabidhi mwingine mbele ya mwalimu wake.

Mkivuka uzio

Baada ya mwaka mmoja wa kushughulika na ya kwenu ndo mna haki ya kufungua mdomo kuhusu mto, dampo au kiwanda. Kabla ya hapo watu watawaonyesha choo chenu. Hapa shirikianeni na msikiti, na makanisa mengine, na watu wasio na dini, hakuna mto wa Walutheri. Kaeni na wanaoathirika, andikeni tarehe, pigeni picha sehemu ileile kila wiki, nendeni ofisi ya serikali inayohusika mkiwa na barua yenye sahihi za watu wengi wa imani tofauti, na muombe jibu kwa maandishi.

Gumu kuliko yote ni pale anayechafua akiwa ni muumini wenu, tena yule anayetoa sana. Itatokea. Fuateni Mathayo 18, aendewe kwanza faraghani na mtu mmoja anayemheshimu, amwendee na ushahidi na pia na msaada, maana mara nyingine mtu anamwaga maji machafu kwa sababu hajui njia nyingine ya bei anayoiweza na kanisa lina fundi anayeweza kumsaidia. Asiposikia waende wawili watatu. Asiposikia, mchango wake usinunue ukimya wenu. Mfalme Ahabu alilitamani shamba la Nabothi akalipata kwa hila ya mkewe, na nabii Eliya alitumwa kumkuta palepale shambani, 1 Wafalme 21, na hiyo sura isomwe ibadani kabla ya tatizo kutokea sio baada, isionekane mnamlenga mtu.

Kalenda na makabidhiano

Makanisa mengi duniani siku hizi yanaadhimisha Msimu wa Uumbaji kuanzia 1 Septemba mpaka 4 Oktoba, sikukuu ya Fransisko wa Assisi ambaye Papa Yohane Paulo II alimtangaza mwaka 1979 kuwa msimamizi wa wanaojihusisha na ekolojia. Utumieni kwa kuripoti. Jumapili moja ya msimu huo msimamizi asimame na mambo manne tu, miche iliyo hai kati ya iliyopandwa, lita zilizovunwa, pesa zilizotumika, na jambo lililowashinda. Kwenye sala za waumini tajeni kwa jina mto na bonde mnaloombea. Na siku hiyohiyo rudieni ule mzunguko wa miguu, na yule jirani aalikwe tena.

Viongozi wakibadilika, na watabadilika, muwe na daftari moja lenye ramani ya eneo iliyochorwa kwa mkono, bomba la maji linapopita, shimo la taka lilipo, kila mti na jina la anayeutunza, namba ya fundi wa tangi, nakala za barua zote mlizoandika na majibu yake. Likae ofisini pamoja na rejista ya ubatizo, lisikae nyumbani kwa mtu.